Sanduku la Tisa

Ilipofika saa nane na robo mchana, Fermín Poppe alikuwa ameulizwa swali moja mara kumi na moja, na jibu lake halikubadilika hata neno.

"Aliniuliza kusini ni upande gani. Nikamwonyesha. Akaenda."

Luteni Eulogia Serrudo alivuta kiti akakaa mbele yake. Poppe alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye koti la kijivu lililochakaa viwikoni mpaka likang'aa. Kazi yake ilikuwa kukaa na taipureta kwenye meza ndogo kando ya bustani, nyuma ya jumba la mahakama ya taifa, akiwaandikia maombi watu waliokuja Sucre na kesi zao kutoka mashambani. Sasa mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba, na kifua cha shati kilikuwa na matone ya damu. Hiyo haikuwa kazi ya polisi. Baba wa msichana aliyepotea ndiye aliyemponyoka Sajenti Barja mlangoni, akamfikia mzee kwa ngumi moja kabla watu watatu hawajamshika.

"Mzee Poppe," Serrudo alisema, "wasichana wawili wamekuona. Wanasema ulimwita Celinda, ukamshika mkono, ukaondoka naye."

"Wanasema uongo."

"Kwa nini wakusingizie? Wanakujua?"

"Hawanijui. Nami siwajui. Mtu akisimama pale kwenye meza yangu huwa ana shida ya barua. Yule mtoto hakuwa na barua. Alikuwa na simu na karatasi. Akasema kwa heshima, 'Tata, samahani, kusini ni wapi?' Nikamwambia, geuza uso kule barabarani, mgongo uelekee kwenye mnara. Basi."

"Mtoto mwenye simu inayomwonyesha njia anakuuliza wewe kusini?"

Mzee alijifuta mdomo kwa kiganja. "Hata mimi nilishangaa. Lakini nilikuwa na mteja."

Barja, aliyekuwa ameegemea ukuta, alicheka kidogo puani. "Mteja mwenyewe yuko wapi?"

"Alipanda basi la kurudi kwao Azurduy saa sita."

"Bahati mbaya iliyoje."

Serrudo aliinuka. Kwenye korido, baba wa msichana alikuwa amekaa sakafuni, kofia yake magotini, macho yakiangalia mlango uliofungwa. Primitivo Llanquipacha alikuwa fundi mwashi, mwembamba, mikono imejaa nyufa za saruji. Alipomwona Luteni hakusimama.

"Amesema?"

"Bado, baba."

"Nipe mimi dakika tano humo ndani."

"Ukiingia tena nitakufunga, na mimi sitaki kukufunga leo."

Mwanamume yule aliinamisha kichwa. Pembeni yake, juu ya benchi, ulikuwa mfuko wa kitambaa uliofumwa kwa nyuzi nyekundu. Serrudo alikwisha kuufungua mara mbili. Ndani mlikuwa na sindano mbili za insulini za mtindo wa kalamu, kipimo cha sukari, chupa ya maji, na sambusa mbili za salteña zilizokwisha kupoa, zimefungwa kwenye karatasi. Celinda alikuwa na miaka kumi na mitano, na kisukari tangu alipokuwa na miaka saba. Mfuko ulipatikana mikononi mwa wenzake.

Simu ya Serrudo ilitetemeka. Alikuwa daktari wa kliniki anayemtibu msichana huyo.

"Luteni, nimetazama faili lake," daktari alisema. "Alikuja kwangu jana, ana homa na kikohozi. Sukari ilikuwa juu tayari. Nilimwambia asikose dozi hata moja."

"Amekosa ya adhuhuri."

"Basi na maji kama hana, damu yake itaanza kugeuka sumu. Kwa mtoto mwenye homa haichukui siku nzima. Atatapika, atapumua kwa nguvu, halafu atalala."

"Nina saa ngapi?"

"Usingoje jua lizame."

Ilikuwa Agosti. Jua lilizama saa kumi na mbili na robo.

*

Mwalimu Gumercindo Orías alikuwa anangoja nje ya kituo, kola imelegea, viatu vina vumbi la kuzunguka mji mzima. Yeye ndiye aliyewaandalia kina Celinda mchezo wa kusaka masanduku. Alifundisha uraia, na alichoka kuwasomesha watoto katiba kwa kukariri. Hivyo alificha masanduku kumi ya bati kuzunguka jumba la mahakama na bustani ya nyuma yake. Kila sanduku lilikuwa na swali la sheria na daftari dogo la kutia sahihi. Kila kundi la wanafunzi watatu lilipewa karatasi yenye namba mbili za mahali pa kila sanduku, latitudo na longitudo. Ukizitia namba kwenye simu, mshale unakuongoza na kukuonyesha mita zilizobaki. Kundi la kwanza kumaliza lingeingizwa ukumbini na kukaa kwenye viti vya majaji kwa nusu saa.

Walianza saa tatu asubuhi. Saa tano, wanafunzi thelathini na tatu walitakiwa kuwa kwenye ngazi za mbele. Walikuwapo thelathini na wawili.

"Ungepiga simu saa tano ile ile," Serrudo alimwambia wakitembea haraka.

"Najua."

"Umepiga saa sita na nusu."

"Nilidhani yuko karibu, Luteni. Nilidhani anatafuta tu. Celinda hakubali kushindwa, huyo." Aliongeza hatua. "Najua. Usiniambie tena."

Hakumwambia tena. Walikata mtaa wa kuta nyeupe, wakafika kwenye bustani. Polisi wanane walikuwa wamekwisha kuipekua, kichaka kwa kichaka. Walinzi wa mahakama nao walifungua vyumba vyote wenyewe, toka darini mpaka stoo za chini, na picha za kamera za milango yote zilionyesha kwamba msichana hakuingia. Huko hakukuwa na la kutafuta tena. Kampuni ya simu ilikuwa imesema simu yake ilizimika saa tano kasoro dakika kumi, mahali fulani katikati ya mji. Katikati ya mji kulikuwa na watu maelfu.

"Nionyeshe sanduku la nane, walilotia sahihi mwisho."

Sanduku la nane lilikuwa chini ya benchi la mawe, hatua ishirini kutoka kwenye meza ya Poppe. Taipureta ilikuwa bado pale, karatasi imo ndani, sentensi imekatika katikati. Serrudo alifungua daftari dogo. Kundi la nne: Celinda Llanquipacha, Yesenia Cuéllar, Mirtha Daza. Saa nne na dakika ishirini na tano. Sahihi tatu, kalamu moja, kundi la kwanza kufika.

"Na la tisa liko wapi?"

Mwalimu alinyoosha mkono kuelekea mnara mdogo wa chuma uliokuwa mwisho wa bustani. "Kule, karibu na chemchemi. Nilikuwa nimelipanga kwenye ngazi za mbele, ila nikajua juzi kwamba leo zinaoshwa. Nikalihamisha jana."

Serrudo alitazama mkono wake. Kisha akatazama jua. Kisha akageuka polepole mpaka mgongo wake ukaelekea kwenye mnara.

"Huko ulikonyoosha ni upande gani, Mwalimu?"

"Kaskazini."

"Una hakika?"

"Nimepima mwenyewe."

Alirudia hatua za mzee kichwani. Mtu anayemwiba mtoto na kutunga uongo hutunga uongo unaokaa. Atasema mtoto alielekea chemchemi, kwa sababu watoto wote walielekea huko asubuhi nzima na mzee aliwaona wakipita. Poppe alikuwa ameng'ang'ania jibu lisilomsaidia chochote, mara kumi na moja, mdomo ukivuja damu. Ama ni mjinga, ama mtoto aliuliza kweli.

"Daftari la tisa lina sahihi zao?"

"Hapana. Makundi mengine yote kumi yamo. Wao tu hawamo."

"Turudi kituoni," alisema Serrudo. "Nimewauliza vibaya wale wasichana."

*

Aliwatenganisha. Mirtha alipelekwa kwa polisi wa kike, Yesenia akabaki naye, na mama yake Yesenia kwenye kiti cha ukutani, mkoba umekumbatiwa kifuani. Yesenia alikuwa msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa vizuri, na alikuwa amesimulia kisa chake mara mbili bila kukosea. Safari hii Serrudo hakumuuliza habari za mzee.

"Nani alikuwa ameshika simu?"

"Celinda. Yeye ndiye kapteni."

"Na karatasi?"

"Yeye pia."

"Mlipotoka sanduku la nane, mshale ulielekea wapi?"

Msichana alitazama meza. "Si ndipo yule mzee akamwita."

"Kabla hajamwita. Mshale."

"Sikuangalia."

"Mlikuwa wa kwanza. Mnakaribia kukaa kwenye viti vya majaji. Na wewe hukuangalia mshale?"

"Labda... kwenye chemchemi."

"Labda?"

"Kwenye chemchemi."

"Yesenia, kutoka pale benchini mpaka chemchemi ni mwendo wa dakika moja. Makundi kumi yamefika. Ninyi mlikuwa mbele yao. Mshale ulielekea wapi?"

Mama alijongea mbele. "Luteni, mtoto amekwisha kusema. Mnamtesa."

"Mama, naomba unyamaze kidogo." Serrudo aliuweka mfuko mwekundu juu ya meza, akaufungua, akatoa kalamu moja ya sindano na kuilaza mbele ya msichana. "Mwenzako alitakiwa kujidunga hii saa sita. Sasa ni saa tisa na nusu. Daktari amesema jua likizama atakuwa amelala usingizi wa kutoamka. Mimi sina haja na kosa lako. Nina haja na mshale."

Yesenia aliigusa ile kalamu kwa kidole.

"Ulielekea barabarani," alisema kwa sauti ndogo. "Upande wa pili. Nje ya bustani."

"Kusini."

"Sijui kusini. Alikwenda kumuuliza yule mzee kusini ni wapi, kwa sababu karatasi imeandikwa kusini na yeye alitaka kuhakikisha. Mimi nikamwambia simu imeharibika. Mwalimu alisema hakuna kuvuka barabara. Yeye akasema namba ndizo namba."

"Halafu?"

"Tukagombana. Mirtha alikuwa amechoka. Nikamwambia... nikamwambia nenda peke yako basi, maana wewe ndiye unayejua kila kitu." Machozi yalianza kumtiririka, lakini aliendelea kusema. "Tukaenda kununua barafu. Tulidhani atarudi. Mfuko nilikuwa nao mimi, tulikuwa tunapokezana, nikasahau. Na Mwalimu alisema kundi likitengana linafukuzwa, na wazazi wanaitwa."

"Na mzee je?"

"Tulimwona tu anaongea naye. Mlipouliza kama kuna mtu mzima aliongea naye, Mirtha akasema ndiyo. Halafu mkauliza alimshika mkono? Nikasema ndiyo."

Serrudo aliirudisha kalamu mfukoni. Swali lile alikuwa ameliuliza yeye mwenyewe, kwa maneno yale yale, saa saba mchana.

"Simu ilisema zimebaki mita ngapi?"

"Sikumbuki. Hamsini na kitu. Labda mia. Sikumbuki, Luteni, nakuapia kwa Mungu."

Mama yake alikuwa amejifunika uso kwa mkoba.

*

Upande wa kusini wa barabara kulikuwa na mitaa minne ya nyumba zilizobanana, kila nyumba na ua wake, kila ua na ukuta wake. Serrudo aliwatuma polisi wote wabishe hodi mlango hadi mlango, akijua kwamba kabla ya giza wasingemaliza hata mitaa miwili. Nusu ya milango ilikuwa imefungwa. Ijumaa mchana watu walikuwa sokoni au wamelala. Baba yake Celinda alitembea katikati ya barabara akiita jina la mwanawe. Koo lilikuwa limekauka, na jina lilitoka nusu.

"Namba alizipata wapi?" Serrudo alimuuliza mwalimu kwenye gari. "Makundi kumi yalikuwa na namba sahihi. Moja likawa na namba mbaya. Kwa nini?"

"Karatasi nilizipiga chapa. Ila la tisa nililihamisha jana, nikawaambia waandike wenyewe kwa mkono. Niliwasomea darasani, tarakimu moja moja, nikaziandika na ubaoni."

"Celinda alikuwapo?"

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema taratibu, "Hapana. Alikuwa kliniki. Alikuja saa ya mwisho, wenzake wamekwisha kutoka. Akaniuliza, nikamwambia ziko ubaoni, nakili."

"Wale wawili hawakuandika?"

"Kila kundi liliandika mara moja. Wangesema kapteni ataandika."

"Ubao umefutwa?"

"Mfutaji husafisha Ijumaa jioni."

Barja aligeuza gari bila kuambiwa.

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Ndoo na tambara vilikuwa tayari mlangoni, na mwanamke mwenye aproni alikuwa anafagia safu ya nyuma. Ubao ulikuwa haujaguswa. Juu yake, kwa chaki nyeupe, mwalimu alikuwa ameandika namba mbili, na chini yake mstari wa kuwasaidia watafutaji: *Maji yote ya bustani hupita hapa yakienda chini. Inama, uangalie.*

Serrudo alisoma kwa sauti. "Kusini, nyuzi kumi na tisa, dakika mbili nukta tano, saba, tatu."

"Tano, moja, tatu," mwalimu alisema.

"Mimi naona saba."

"Ni moja, Luteni. Nimeiandika mimi."

Alisogea. Ilikuwa kweli moja, yenye mkono mrefu juu kama wanavyoiandika watu wote wa huko. Lakini ubao ulikuwa wa zamani na ulikuwa na ufa. Ufa ulianzia kwenye fremu, ukakatiza kwa ulalo katikati ya ile moja, na vumbi la chaki la miaka lilikuwa limejaa ndani yake. Ile moja ilikuwa imepata kistari tumboni, kama saba inavyoandikwa huko. Mtu aliyesomewa namba asingeuona. Mtu aliyekuja peke yake kutoka kliniki, ana homa, ana haraka, angeona saba safi.

Mwalimu Orías aliweka kiganja chake juu ya ufa, kana kwamba anaweza kuuziba. "Mungu wangu," alisema. "Nimefundisha mbele ya huu ubao miaka tisa."

"Baadaye, Mwalimu. Moja ikiwa saba, ni umbali gani?"

Alikokotoa ukutani kwa chaki, akafuta kwa kiganja, akaanza tena. "Mita mia moja na kumi na moja. Kusini ya chemchemi."

"Kusini kamili?"

"Namba ya pili haikuguswa na ufa. Hiyo ameinakili sawa. Ndiyo, kusini kamili."

Barja alikuwa amekwisha kuziingiza kwenye simu yake. Aliigeuza ili waione. Kitone chekundu kilisimama ng'ambo ya barabara, nyumba ya pili kutoka kwenye kona, katikati ya ua.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano.

*

Lilikuwa jumba kuukuu lililokuwa likikarabatiwa. Geti lilifungwa kwa waya. Jirani alisema mafundi hawajaonekana tangu Jumatano. Afisa mmoja alikuwa amegonga hapo nusu saa iliyopita, hakuitikiwa, akaendelea. Chini ya geti kulikuwa na nafasi ambayo mtu mzima asingepita, na kwenye vumbi, mburuzo wa kitu kilichopita kwa tumbo.

Barja alikata waya. Ua ulikuwa umejaa kifusi, mbao na magugu makavu. Serrudo alimzuia kila mtu getini akaingia peke yake, akifuata simu ya Barja mkononi. Mita kumi na mbili. Nane. Mfereji wa mawe ulikatiza ua, ule wa kukusanya maji ya mvua kutoka mapaani, na uliteremka kuelekea kona moja. Maji yote hupita hapa yakienda chini. Inama, uangalie. Maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya chemchemi yalikuwa yamefaa hapa kuliko kule. Msichana yeyote mwenye akili angefuata mfereji ule.

Mwisho wa mfereji kulikuwa na kifuniko cha mbao juu ya birika la zamani la kuhifadhi maji. Mbao mbili zilikuwa zimevunjika katikati, na palipovunjikia palikuwa bado peupe.

Alilala kifudifudi. "Celinda."

Harufu ya ukungu tu ilipanda.

"Celinda, mimi ni polisi. Niko na baba yako."

Alimulika tochi. Ukuta wa mawe, ukimeguka, mita sita au saba. Chini kabisa, tope, na juu ya tope kiatu cheupe kimeelekea juu. Hakikusogea.

"Zimamoto wako wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Dakika ishirini," alisema Barja, aliyekuwa ameingia nyuma yake na wengine. "Wako kwenye moto wa nyasi kule mlimani."

Primitivo alikuwa tayari amevua koti. Alikuwa ameokota kamba ya mafundi kwenye kifusi, ameivuta kwa nguvu mara tatu kuijaribu, na sasa alikuwa anajifunga kiunoni.

"Baba, ngoja wenye vifaa," Serrudo alisema. "Kuta hizi zitakuangukia."

"Nimechimba visima ishirini na sita," alisema. "Hiki ni cha ishirini na saba. Shikeni kamba. Nikisema vuta, vuteni. Nikinyamaza, msinivute."

Walishika wanne: Barja, mwalimu, jirani na Serrudo. Mwanamume yule alishuka mgongo ukiwa ukutani, nyayo ukuta wa pili, bila kujishika. Mawe madogo yalidondoka, wakayasikia yakifika. Kamba ilikaza, ikalegea. Mwalimu Orías alikuwa anasali kwa pumzi, na Serrudo alitamani anyamaze ili asikie.

Kutoka chini ilikuja sauti ya mwanamume akiongea Kikechua, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto kwenda shule. Aliongea kwa muda mrefu. Hakuna aliyemjibu.

"Baba?" Serrudo aliita.

"Anapumua." Sauti ilikuwa kavu. "Anapumua kama mbwa aliyekimbia. Mguu umevunjika. Haniangalii. Niteremshieni ubao na blanketi."

Walimpandisha saa kumi na moja na dakika arobaini, amefungwa kwenye ubao wa mlango uliong'olewa bawabani. Uso ulikuwa wa majivu, midomo imepasuka, na pumzi yake ilinuka kama tunda lililooza. Gari la wagonjwa lilikuwa getini. Muuguzi alimchoma kidole, akatazama kipimo, hakusema namba. Mikono yake tu ilianza kwenda mbio.

"Ataishi?" baba aliuliza.

"Panda gari," muuguzi alisema. "Panda tu, baba."

*

Kwenye korido ya hospitali, Yesenia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, mama yake kando. Hakuna aliyewaita. Kila mlango ulipofunguka msichana aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Mwalimu Orías alikuwa amesimama dirishani, amegeukia kioo.

Saa moja na nusu, Primitivo alitoka. Tope lilikuwa limemkaukia mpaka kwenye nyusi. Alitembea kwenye korido moja kwa moja kuelekea kiti cha mwisho, na mama yake Yesenia alisimama akajiweka mbele ya mwanawe.

"Bwana, ni mtoto," alisema. "Nipige mimi."

Primitivo alimtazama kana kwamba hakuelewa. Kisha akamsemesha msichana, juu ya bega la mama.

"Amefumbua macho. Hasemi vizuri bado, ila amekuuliza wewe. Kama ulirudi salama au na wewe ulitumbukia mahali."

Yesenia hakuinuka. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili.

"Nenda," Primitivo alisema. "Daktari ametoa dakika mbili. Usimlilie, atachoka."

Msichana alikwenda. Walimsikia akisimama mlangoni, kisha mlango ukafungwa.

Primitivo alijiangusha kwenye kiti kilichoachwa. Alikaa viganja juu, kama mtu aliyesahau alichokuwa amebeba. Serrudo alidhani atalia, na alikuwa tayari kumwacha alie. Hakulia.

"Luteni," alisema, "yule mzee niliyempiga yuko wapi?"

"Kituoni. Nimeagiza atolewe saa ile ile tulipofika kwenye birika. Amekataa kutoka."

"Kwa nini?"

"Anasema anamngoja aliyemwingiza. Ni mimi, baba. Maswali yaliyomtia mle ndani yalikuwa yangu."

Mwanamume yule aliitikia kwa kichwa taratibu. Aliinuka, akatafuta kofia yake, akakumbuka kwamba ilibaki uani, akajipangusa uso kwa mkono wa shati na kuuchafua zaidi.

"Basi twende wote," alisema. "Wewe utaanza au mimi?"

"Mimi," Serrudo alisema, akamfungulia mlango.